Turbo ya Gari la Mkate

3 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshakula, maana ukiwa na njaa utaisoma ukitafuta makosa tu. Huku wote wazima. Mama ameshona mapazia mapya ya sebuleni, mazito mpaka mchana tunawasha taa. Baba goti linamsumbua, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Anakusalimu, na anauliza kwa nini dada yake wa pekee kaenda kuishi mbali kama mtu aliyekimbia.

Sasa keti, Shangazi. Wamenipa karakana. Mimi, Kiroboto wako. Meneja aliniita ofisini, nikadhani nimevunja kitu, kumbe ananiambia tangu leo mimi ni kaimu mkuu wa karakana ya kiwanda cha mikate. Ile ile uliyoianzisha wewe, nyuma ya tanuri, yenye ukuta wa moto unaotukausha migongo. Nilitoka pale nacheka peke yangu, waokaji wakawa wananichungulia dirishani na unga usoni. Nikakupigia simu. Simu akapokea dada, akasema umelala. Saa nne asubuhi, Shangazi? Wewe?

Furaha ina mkia wake, nao ni huu. Gari kubwa la mkate, lile linalopanda mlima kupeleka mikate ya asubuhi, linatoa moshi wa bluu. Turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, inatema oili. Mkuu aliyekurithi, naye ameshaondoka, alishabadilisha turbo nzima, akaweka mpya kutoka kwenye boksi, na baada ya muda mfupi moshi ukarudi kama hakuna aliyegusa kitu. Wateja wa mlimani wanasema mkate unanuka gereji. Meneja kaniambia wazi: gari hilo lisipopona kabla ya Juni kuisha, magari yote yatapelekwa kwa mafundi wa nje, na karakana itageuzwa stoo ya unga. Hakupandisha sauti hata kidogo, ndiyo maana nimeogopa.

Mjuaji, unamkumbuka, tulijifunza wote kwako, ameweka bisibisi ndefu, ncha kwenye turbo na mpini sikioni, kama ulivyotufundisha na amesema sili zimekwisha, zile pete zinazozuia oili isitoke kwenye shafti ya turbo. Mimi pia nimesikiliza. Kuna filimbi, Shangazi. Inaanza nyembamba, gari likivuta inapanda, ukiachia mguu inakatika. Wewe ungeisikia mara moja tu ungejua. Njoo hata kwa siku mbili. Nauli ni yangu.

Mwanao,
Kiroboto


21 Machi

Kwako Kiroboto,

Marahaba. Nilikuwa nimeshiba na makosa nimeyaona vilevile, ila nimeyasamehe kwa ajili ya habari. Niliposoma neno karakana nilisimama katikati ya chumba nikaanza kuzunguka meza, dada yako akauliza kama nimeona panya. Nimefurahi mno, mwanangu. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa mimi, kwa sababu siku ile nilikuwa na hofu na leo sina. Mwambie kaka yangu sikukimbia, nimekuja kwa binti yangu kulea wajukuu. Na goti lake lingepona kama angelitumia. Wajukuu wazima, mdogo ameota meno na anang'ata miguu ya viti.

Simu achana nayo. Simu inakula maneno. Mtu akiandika hufikiri, na wewe unahitaji sana kufikiri.

Haya, turbo. Filimbi iweke pembeni. Fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, narudia, imepoa, maana nakujua, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo uingize kidole. Kidole kikitoka na unyevu mwembamba, hiyo ni kawaida ya gari lililotembea. Kikitoka kinadondosha, hapo tuna mgonjwa. Kisha upande wa pili, wa eksozi, tazama kama pana oili mbichi au masizi makavu tu. Nataka kujua ni upande gani unaovuja, baridi au moto, au pote pawili. Usibahatishe.

Halafu shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Itikise juu na chini. Ikicheza kidogo sana usishtuke, inaelea kwenye oili, ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa ivute na kuisukuma, mbele na nyuma. Hapo isicheze. Pitisha ukucha kwenye kingo za feni yake uone kama imekwaruza ukuta. Vidole vyako vikikwambia shafti ni nzima, basi usiniambie tena habari ya sili zilizokwisha, hata Mjuaji aape.

Kuja siwezi kwa sasa. Kazi ni nyingi hapa.

Shangazi yako


6 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mama anashukuru kwa salamu ambazo hukumtumia. Baba ameanza kutembea mpaka kwenye geti na kurudi, halafu anajisifu mpaka usiku. Hata hivyo anakuombea.

Nimefanya yote, na injini ilikuwa imepoa, mashahidi wapo. Upande wa baridi kidole kilitoka kinadondosha, oili iliteremka mpaka kwenye kiwiko. Upande wa moto, oili mbichi nayo. Pote pawili. Nikashika shafti. Juu na chini ilicheza kidogo mno, lazima uwe na imani kuhisi. Mbele na nyuma, hakuna. Feni haijakwaruza popote, inang'aa kama kijiko cha wageni.

Sasa nitakuudhi. Nilikuwa nimeshaona shafti ni nzima, lakini Mjuaji alisema mbele ya Meneja kwamba sili ni feki, na Meneja akanitazama, nami nikashindwa kubisha bila kitu cha kuonyesha. Tukafungua turbo, tukaweka sili mpya na bushi mpya za kubebea shafti, tukafunga. Gari likaenda mlimani safi, waokaji wakatuletea mikate ya moto, tukala tumesimama. Haikufika wiki moja, moshi huo. Nilikaa kwenye tairi nikashindwa hata kunawa.

Meneja aliuona moshi, akarudi ofisini. Ila juzi walikuja watu wawili na futi, wakapima ukuta wa karakana upana na urefu. Wanapima mahali pa kuweka magunia, na mimi nipo ndani, nimeshika spana.

Nimerekodi mlio wa injini, tangu kuwaka mpaka kuvuta. Nakutumia kadi ya kumbukumbu pamoja na barua hii kwa dereva wa basi la vifurushi, iweke kwenye redio ndogo ya dada. Sikiliza uniambie. Na tafadhali njoo. Sikuombi kwa adabu tu, nakuhitaji. Meneja anakuheshimu, ukisema wewe atasikia.

Mwanao,
Kiroboto


11 Mei

Kwako Kiroboto,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usiniulize. Hapa wazima. Mdogo amehamia kwenye miguu ya meza.

Kadi nimeipata. Nimesikiliza vizuri, mara mbili. Ni mlio wa turbo iliyochoka, kama ulivyosema mwenyewe.

Sasa tuongee kazi. Kwanza umenikasirisha. Vidole vyako vilikwambia ukweli, ukaviacha ukamfuata mtu mwenye kelele. Sili za turbo si kama raba ya bomba la maji. Ni vipete vya chuma vyembamba, na vyenyewe havizibi kila kitu. Vinasaidiwa na hewa inayosukuma kutoka nje, na oili lazima iwe na njia ya kuondoka upesi. Oili ikijaa pale ndani itapita tu, uweke sili za dhahabu. Na ukiona inapita pande zote mbili wakati shafti ni nzima, ujue turbo haina kosa. Turbo inatapika kwa sababu kuna mahali pamezibwa.

Osha turbo yote kwa mafuta ya taa, ikauke. Ipake poda ya mtoto, nyeupe yote. Washa injini kidogo, zima, tazama poda imelowa wapi. Oili haiwezi kuficha njia yake kwenye poda. Utajua kama inatoka kwenye bomba la kuleta oili, kwenye ufa, au kwenye maungio.

Kisha, injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kumiminia oili, weka kiganja juu ya tundu. Usikandamize. Ukihisi pumzi laini, sawa. Ukihisi inakusukuma kiganja, hewa ya injini imekosa pa kutokea, na hiyo inazuia oili kurudi. Tazama na kichungi cha hewa, kikiziba, turbo inaivuta oili kama mtu anayenyonya kwa mrija.

Hayo yote yakiwa mazuri, limebaki bomba la kurudishia oili, lile linaloshuka kutoka chini ya turbo kwenda kwenye injini. Usilitazame tu. Lifungue ncha zote mbili. Nasema zote mbili.

Kuja siwezi. Usinibembeleze tena kwa hilo, mwanangu, unaniumiza.

Shangazi yako


24 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ukaiweke akiba. Nimeipata. Hii ni barua ya pili, ya kwanza niliidondoshea oili.

Nianze vizuri. Turbo tuliiosha, tukaipaka poda ikawa kama andazi. Mjuaji akacheka, akasema karakana imefungua kitengo cha watoto wachanga. Tukawasha, tukazima. Bomba la kuleta oili, kavu. Ufa, hakuna. Poda ililowa kwenye maungio ya upande wa hewa, mstari mweusi ukishuka wenyewe, wala hatukuwa na la kubishania. Nikaweka kiganja kwenye tundu la oili, pumzi laini. Nikawaita wote wakaweka viganja vyao, mmoja mmoja, hata Meneja alikuwa anapita nikamwambia weka na wewe. Akaweka. Kichungi cha hewa safi.

Likabaki bomba la kurudishia. Ncha ya juu huwa tunaifungua kila tukitoa turbo, tunaisafisha, inapendeza. Ya chini hakuna anayeigusa, imejificha nyuma, ukiifikia unachubuka mkono. Nimechubuka. Nilipolegeza boliti ya mwisho oili ikamwagika kwa nguvu hadi kwenye viatu vyangu, oili ambayo ingetakiwa iwe imesharudi kwenye injini zamani. Nikamulika tochi. Ndani ya tundu, Shangazi, kulikuwa na ulimi mwekundu wa gundi ya silikoni, mnene, umening'inia, umeziba njia karibu yote.

Silikoni nyekundu. Katika mji huu wote ni nani wanaopaka silikoni nyekundu kwenye kila maungio, hata penye gasketi yake ya kuzibia? Ni sisi tu. Watu wanatutambua kwa mstari ule. "Paka bila uchoyo," ulikuwa unatuambia, ukipita nyuma yetu. Bomba lile nililifunga mimi mwaka jana tulipofungua injini. Nilipaka bila uchoyo kabisa. Ya ziada ikajikunja ndani, ikakauka, ikaanza kuua turbo moja baada ya nyingine, na sisi tunazilaumu sili.

Nilikaa chini nikacheka mpaka Mjuaji akadhani nimeumia. Halafu akachungulia mwenyewe, akaenda kuleta kisu. Tumesafisha, tumeweka gasketi kavu bila chochote. Gari limeanza kupanda mlima tena, na Meneja amesema ataliangalia mpaka mwisho wa Juni ndipo aamue. Ile filimbi nayo ilikuwa klampu ya bomba la hewa iliyolegea. Nusu mzunguko wa bisibisi ikanyamaza, haikuhusiana na oili hata kidogo.

Sasa, Shangazi, kuna jambo la pili, na nimelizungukia ukurasa mzima.

Nilitaka kumsikilizisha Mjuaji ule mlio wa zamani, nikafungua kopo ninamoweka vitu vidogo. Kadi ya injini ilikuwa humo. Haijawahi kutoka. Iliyokosekana ni ya Baba. Wiki ile alikuwa amekurekodia salamu, kwa sababu kuandika anaona uvivu, nami nilipanga niitume safari ya baadaye. Nilichanganya. Niliyokutumia ni kadi ya Baba, anaongea mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Wewe ukanijibu umesikiliza mara mbili na ni mlio wa turbo iliyochoka.

Nimesoma tena barua zako zote. Hakuna hata moja unayoniuliza mlio ukoje. Wewe uliyekuwa ukisimamisha karakana nzima, redio zizimwe, ili usikilize boliti. Na kila nikipiga simu, umelala.

Shangazi, husikii?

Sijamwambia Baba. Anauliza kila siku kama umepata kadi yake.

Mwanao,
Kiroboto


28 Juni

Kwako Kiroboto,

Marahaba. Barua hii nimeianza nikaichana mara nyingi. Wajukuu wazima.

Sisikii. Sikio la kushoto liliondoka polepole, la kulia likalifuata. Sasa ni ukimya, na ndani ya ukimya kuna mvumo kama feni iliyosahauliwa chumba cha pili. Nimepewa vifaa vya kuvaa, vimenisaidia kuumwa na kichwa. Dada yako anajua. Nilimwapisha asiseme, maskini, amekuwa akikudanganya kwa ajili yangu na hapendi.

Umeniuliza wazi nami nakujibu wazi. Sikuondoka kwa ajili ya wajukuu. Siku moja niliinama kwenye lile gari dogo la mkate, nikaingiza mkono kutazama mkanda. Mjuaji akapiga kelele anawasha, kama alivyozoea, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Sikusikia. Nilichohisi ni upepo wa feni kwenye vidole. Nilivitoa vyote, viko hapa vinaandika. Yeye hakuona, na mimi sikumwambia mtu. Wiki iliyofuata nikaaga kwamba naenda kulea.

Kinachoniogopesha si feni. Ni kusimama katikati ya karakana yangu, watu wananisemesha, mimi natabasamu kama kichaa, nikijibu maswali ambayo hayakuulizwa. Kwenye duka hapa muuzaji aliniuliza kitu, nikamwambia asante, marahaba. Akacheka. Sina nguvu ya kuchekwa na Mjuaji, nilimfundisha mimi kushika spana. Wewe niandikie tu. Kwenye karatasi bado mimi ni fundi.

Kuhusu silikoni, sikubali. Nilisema bila uchoyo, sikusema kama unapaka siagi kwenye mkate wa bosi. Kidole kimoja chembamba, unazungusha, unasubiri ishike ndipo unakaza boliti. Na kwenye bomba la kurudishia oili hupaki kabisa, hiyo hata mtoto anayetambaa hapa ndani anaijua. Ila niliposoma kuhusu huo ulimi mwekundu nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na kicheko changu nilikihisi kifuani, na ilikuwa ni siku nyingi sijakihisi.

Meneja ameamuaje? Juni inakwisha. Siwezi kulala vizuri.

Na nyingine. Kaka yangu alisema nini kwenye ile kadi? Niliiweka kwenye redio nikashika boksi lake kwa viganja viwili, nikahisi kuna kitu kinatetemeka ndani, nikaandika kile nilichodhani ungetaka. Niandikie maneno yake. Yote, kama alivyoyasema, usiyatengeneze.

Shangazi yako


9 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nikanawa, nimerudi. Sasa nikujibu kwa mpangilio maana najua unasoma huku umesimama.

Meneja alikuja mwisho wa mwezi, akavaa glavu mpya, akaniambia nifungue bomba la hewa. Akaingiza kidole mwenyewe. Kikatoka kikavu, akakitazama pande zote kama alikuwa amekipoteza na mtu amemrudishia. Akaniambia, "Magunia yatatafuta mahali pengine." Basi. Karakana imebaki, Shangazi, na neno kaimu limeondolewa. Waokaji waligonga masufuria. Mjuaji alininyanyua, akanidondosha.

Ya Baba ni haya. Nilikuwa nakumbuka nusu tu, nikamwomba arudie, na hapo nililazimika kumwambia kwa nini. Kisha akasema niandike, na hakubadilisha kitu.

"Dada, mimi hapa. Kiroboto amenishikisha kidude anasema niongee. Niongee na nani, hakuna mtu. Haya. Goti linauma. Mapazia ya mke wangu yametuletea usiku mchana. Ulivyoondoka bila kukaa tukala pamoja nilikasirika, nikasema sikutafuti. Hasira ilikwisha zamani, nilikuwa nasubiri uanze wewe, na wewe unasubiri nianze mimi, na tunazeeka. Nimekukumbuka. Hapa sina wa kubishana naye, mke wangu ananishinda haraka mno, hainogi. Rudi tugombane. Haya, nimemaliza. Hiki kinazimwaje?"

Baada ya hapo ni Mama anacheka.

Sasa nisikilize mimi, yaani nisome. Umesema kwenye karatasi wewe ni fundi. Hebu tazama ni nini kilichoponya gari hili. Kidole kwenye bomba, vidole viwili kwenye shafti, poda, kiganja kwenye tundu. Tulikuwa na masikio mazima karakana nzima, yakatupeleka kwenye klampu. Sikufariji, nakueleza kilichotokea.

Nimewaambia mafundi. Nisamehe, nimewaambia wote, kwa sababu sitaki uje ujifiche. Mjuaji alikumbuka siku ile ya gari dogo. Kumbe aliona mkono wako ukitoka, akadhani umemkasirikia, ndiyo maana ukaondoka. Aliyebuni utaratibu mpya ni yeye, sikumwomba: funguo za gari lolote unaloligusa wewe zinakaa mfukoni mwako. Hakuna anayewasha mpaka wewe mwenyewe uzitoe na umkabidhi mkononi. Ameshaanza kutufanyisha mazoezi, anakasirika tukisahau, na tumezoea mpaka kwa magari yetu wenyewe. Ameweka na ubao mweusi ukutani karibu na benchi lako, chaki zimejaa. Mambo ya kukuuliza yataandikwa. Ya kipumbavu pia, amesema.

Meneja ameweka nafasi ya mkaguzi, mtu wa kupitia kila gari kwa mkono kabla halijatoka. Aliniuliza nani. Nikamtajia. Akasema, "Atakubali?"

Nimemwambia sijui. Sitakubembeleza, ulinikataza. Lakini kuna gari la pili limeanza kulowa oili chini ya turbo, na mara hii sijapaka kitu.

Mwanao,
Kiroboto


1 Agosti

Kwako Kiroboto,

Marahaba. Maneno ya kaka yangu nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Mwambie nimeanza mimi, kwa hiyo ameshindwa. Mwambie alifungue na hilo pazia, nikija nataka kumwona mdomo akiongea, la sivyo atanitukana nisijue.

Kuhusu hilo gari la pili, usifungue turbo. Nakuomba kama mzazi, usiguse boliti hata moja. Poda unaweza kuandaa. Nina wazo, na wazo hilo siliandiki, nataka kuliweka kidole mwenyewe. Nimelifikiria tangu barua ifike, dada yako anasema naosha vyombo huku natabasamu. Naogopa pia, nisikudanganye. Naogopa na nimeshafunga begi.

Ubao wa chaki, mwambie Mjuaji ameandika vibaya kama hati yake ni ile ile. Na akinichekesha nitajua, macho ninayo.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kituoni patakuwa na watu wengi, nami nitakuwa nimegeukia upande wa mizigo. Usiniite. Nishike bega.

Shangazi yako